Opera ya Karne ya 19, Muziki wa Usasa au Jazi: Sikio Geni Lianzie Wapi?

Swali ninaloulizwa mara nyingi na watu wanaotaka kuujua muziki wa Ulaya na Marekani halihusu tarehe wala majina ya watunzi, bali mahali pa kuanzia. Muulizaji ana saa chache kwa wiki, ana bando la intaneti linaloisha kabla ya mwezi, na mbele yake pana muziki wa zaidi ya karne moja: opera, yaani tamthilia zinazoimbwa, za karne ya 19, kazi za watunzi wa usasa walioanza kuvunja kanuni za zamani karibu na mwaka 1900, na jazi iliyozaliwa miongoni mwa Wamarekani weusi wa New Orleans. Akianzia pasipomfaa, huchoka katika wiki ya pili na kuhitimisha kwamba muziki wote huo si wake. Nimeliona hilo likiwapata watu wenye masikio mazuri kabisa, na ndiyo sababu naandika ulinganisho huu.

Kwanza tuelewane juu ya majina. Ninaposema opera ya zama za ulimbwende, nakusudia kazi zilizotungwa takriban kati ya mwaka 1840 na 1924, yaani kuanzia Giuseppe Verdi na Richard Wagner, ambao wote wawili walizaliwa mwaka 1813, kupitia Georges Bizet, hadi kifo cha Giacomo Puccini. Muziki wa usasa nauanzisha mwaka 1894, okestra ilipopiga kwa mara ya kwanza kazi fupi ya Claude Debussy juu ya ndoto ya kiumbe wa msituni, Prélude à l'après-midi d'un faune, kisha nawaingiza Arnold Schoenberg, Igor Stravinsky, Béla Bartók na waliofuata nyayo zao. Jazi naichukua kuanzia rekodi za Louis Armstrong za miaka ya 1920 hadi kazi za John Coltrane na Herbie Hancock.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, jina hili la mwisho linahitaji tahadhari. Dar es Salaam Jazz Band, Morogoro Jazz na Tabora Jazz zilikuwa bendi za dansi, na damu yao ilitoka zaidi kwenye rumba ya Kuba na Kongo kuliko kwenye jazi ya Marekani. Anayelijua neno hilo kwa magitaa ya Morogoro asishangae akikutana na piano, besi na saksafoni zinazokwenda mwendo mwingine kabisa.

Vigezo vya kulinganisha

Nimechagua vigezo vitano ambavyo vimewasaidia watu halisi kuamua, nami sitagusa suala la nani mkubwa kuliko nani. Cha kwanza ni muda unaodaiwa na kazi moja. Cha pili ni nafasi ya maneno na hadithi. Cha tatu, ambacho nitakaa nacho kuliko vingine, ni aina ya kazi ambayo sikio linatakiwa kufanya. Cha nne ni uhusiano wa mtunzi na mpigaji, kwa sababu wasikilizaji wengi wetu pia ni wapigaji. Cha tano ni upatikanaji, yaani rekodi, kumbi na vifaa. Baada ya hapo nitataja mambo mazito yanayobebwa na kila upande, maana ni haki ya msomaji kuyajua kabla ya kuingia.

Muda

Opera ndiyo inayodai muda mrefu. La traviata ya Verdi inachukua saa mbili na zaidi, na hiyo ni miongoni mwa zile fupifupi. Mfululizo wa opera nne wa Wagner juu ya pete ya dhahabu, uliochezwa mzima kwa mara ya kwanza Bayreuth, Ujerumani, mwezi Agosti 1876, unakaribia saa 15 na hugawanywa kwa siku nne. Hata hivyo opera imeundwa kwa vipande vinavyoweza kusikilizwa pekee: aria, yaani wimbo wa mwimbaji mmoja, ya dakika nne ina mwanzo wake na mwisho wake, na hakuna dhambi kuanza na vipande hivyo. Wagner ndiye asiyekatika kirahisi, kwa kuwa alikusudia muziki utiririke bila kusimama.

Muziki wa usasa una vipimo vya kila namna. Kazi ile ya Debussy ya 1894 ina dakika kama kumi, The Rite of Spring ya Stravinsky ina takriban dakika 35, na Anton Webern, mwanafunzi wa Schoenberg, aliandika vipande sita vya fidla mbili, viola na selo ambavyo vyote pamoja havifiki dakika tano. Ufupi huo usimdanganye mtu, kwa kuwa dakika nne za Webern zinahitaji kurudiwa mara nyingi kabla hazijaanza kuzoeleka.

Jazi ya awali ilibanwa na santuri zenyewe. Upande mmoja wa sahani ya zamani ulibeba dakika tatu hivi, na Armstrong, Duke Ellington na wenzao walijifunza kusema kila walichonacho ndani ya dakika hizo. Sahani za muda mrefu zilipokuja, kazi nazo zikarefuka: Kind of Blue ya Miles Davis ya mwaka 1959 ina vipande vitano katika dakika 45, na A Love Supreme ya Coltrane, iliyorekodiwa usiku wa tarehe 9 Desemba 1964, ina sehemu nne katika dakika 33. Kwa mtu mwenye safari ya daladala ya nusu saa asubuhi na jioni, kipimo hiki kinatosha vizuri.

Maneno na hadithi

Katika opera, hadithi ndiyo inayokubeba pale muziki unapokuwa mgeni. Kizuizi ni lugha, kwa kuwa maneno ni ya Kiitaliano, Kijerumani au Kifaransa, na hata wenyeji wa lugha hizo hawayapati yote yanapoimbwa na sauti ya juu kabisa. Dawa yake ni kusoma muhtasari wa hadithi kwanza, kisha kutazama onyesho lenye tafsiri chini ya picha. Asiyefanya hivyo atasikia sauti nzuri bila kujua kwa nini mtu analia.

Muziki wa usasa mara nyingi hauna maneno kabisa, na unapokuwa nayo huyatumia kwa namna ya pekee. Katika Pierrot lunaire ya Schoenberg, iliyosikika Berlin mwaka 1912, msomaji wa kike hupewa mashairi 21 na kutakiwa asiyaimbe wala asiyaseme, bali akae katikati. Sisi tuliolelewa na kughani hatuna sababu ya kukiona kitu hicho kichaa. Tofauti ni kwamba mghani wetu anashikwa mkono na mizani na mahadhi yanayojulikana, ilhali sauti ya Pierrot inateleza daima, inagusa noti na kuiacha papo hapo, na ukosefu huo wa mahali pa kukanyaga ndio unaotisha.

Jazi imesimama pande zote mbili. Sehemu kubwa yake ni ala tupu, lakini nyuma ya ala hizo kuna nyimbo zenye maneno yaliyojulikana na watu, na mpigaji mzuri huyabeba maneno hayo akilini anapopiga. Na pale maneno yanapokuja mbele, yanaweza kuwa mazito kuliko opera yoyote: mwaka 1939 Billie Holiday alirekodi wimbo juu ya watu weusi walionyongwa na kuachwa wakining'inia mitini huko kusini mwa Marekani, akauimba polepole, karibu bila pambo, na hakuna tafsiri inayohitajika zaidi ya kuambiwa unahusu nini.

Kazi inayodaiwa na sikio

Hapa ndipo tofauti ya kweli ilipo, na ndipo ninapowaomba wasomaji wapaangalie kabla ya kuchagua.

Opera ya karne ya 19 inalitaka sikio lifuate mstari wa sauti. Kila kitu kinatumikia lahani ya mwimbaji, na mwimbaji huyo hatumii kipaza sauti: sauti yake peke yake inapaswa kuivuka okestra nzima na kufika kiti cha mwisho katika ukumbi wa watu takriban 2,000. Ile mitetemo na unene wa sauti unaowachekesha watu mwanzoni vimetokana na kazi hiyo. Ukiisha kujua kwamba mwanamke huyo anaupita ukuta wa fidla na tarumbeta kwa pumzi yake tu, unaanza kumsikiliza kwa namna nyingine.

Chukua sehemu ya tatu ya Rigoletto ya Verdi, iliyochezwa mara ya kwanza Venice mwaka 1851. Pana nyumba ya wageni kando ya mto, usiku. Ndani, mtawala mlafi anambembeleza mwanamke mwingine. Nje, binti aliyempenda mtawala huyo anachungulia kwenye ufa wa ukuta pamoja na baba yake. Wote wanne wanaimba kwa wakati mmoja. Mmoja anatongoza kwa lahani ndefu na laini, wa pili anacheka kwa noti fupi zinazodundadunda, wa tatu analia kwa vipande vinavyokatika kama kwikwi, wa nne anaapa kisasi kwa sauti nzito ya chini. Watu wanne wakizungumza pamoja hatuelewi kitu, lakini hapa kila mmoja anasikika, na mioyo yao minne inafahamika kwa dakika chache. Sijui njia nyingine ya sanaa inayoweza kufanya jambo hilo.

Muziki wa usasa unalitaka sikio liache kungoja nyumbani. Katika muziki wa kabla yake kuna noti moja ambayo nyingine zote huielekea, na msikilizaji hutulia zinapofika. Wagner aliichelewesha safari hiyo katika Tristan und Isolde ya 1865: mkusanyiko wa kwanza wa noti, au kodi kama wapigaji gitaa wetu wanavyouita, unauliza swali ambalo linajibiwa kikamilifu mwisho wa opera, baada ya saa nne hivi. Debussy na Schoenberg walichukua hatua iliyofuata, kila mmoja kwa njia yake. Debussy aliziacha kodi zielee kama rangi bila kuzilazimisha ziende popote. Aliwahi kuusikia muziki wa gamelani, yaani kundi la magongo na ala za shaba, wa kisiwa cha Java katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1889, naye akabaki akiusifu miaka mingi baadaye. Schoenberg aliondoa kabisa ile noti ya nyumbani, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 akaunda utaratibu wa kuzipanga noti zote 12 ili pasiwe na moja inayotawala.

Stravinsky alishughulika zaidi na mapigo. The Rite of Spring, iliyochezwa Paris tarehe 29 Mei 1913 na kupokewa kwa makelele ya wasikilizaji waliogawanyika, inaanza na basuni peke yake. Ala hiyo ya mbao ina ulimi maradufu wa tete kama zumari yetu, na kwa kawaida hukaa chini. Hapa imepandishwa juu mpaka inakaribia kukabwa. Baada ya muda kidogo fidla zinashika kodi moja kali na kuipiga tena na tena kwa mapigo sawa, huku pembe nane zikiangusha mikazo mahali pasipotarajiwa. Vitabu vingi husema kifungu hicho ni kigumu. Nimekiweka mbele ya vijana waliokulia kwenye ngoma za harusi na za mavuno, na hakuna aliyeona ugumu: mmoja alianza kugonga mikazo ile mezani kabla kifungu hakijafika nusu. Sikio lililozoea ngoma mbili zinazopishana lina mtaji mkubwa kwa muziki wa usasa kuliko linavyoambiwa, na baadhi ya watunzi wenyewe walilijua hilo. Steve Reich alikwenda Ghana mwaka 1970 kujifunza upigaji ngoma, na György Ligeti alisikiliza kwa bidii rekodi za muziki wa Afrika ya Kati kabla ya kuandika mazoezi yake ya piano ya miaka ya 1980.

Jazi inadai kumbukumbu. Bendi inapiga wimbo mara moja, kisha wimbo unaonekana kupotea na kila mpigaji anasema yake. Kumbe haujapotea: umbo lake, mara nyingi vifungu 12 au 32 vya mapigo manne manne, linaendelea kuzunguka chini kwa chini, na ubunifu wote unajengwa juu yake. Ninachowashauri watu ni kuuimba wimbo wa awali kimoyomoyo wakati saksafoni inapotangatanga, na ghafla watasikia mahali wanapokutana na mahali wanapoachana. Mzoefu wa taarab ana msaada hapa, kwa sababu taksimu ya mpiga kanuni au udi imemzoesha mtu mmoja kuachiwa uwanja akatunga palepale. Asichokizoea ni kwamba katika jazi besi na ngoma haziachi kwenda wakati huo.

Mfano mwepesi wa kujaribu ni kipande cha kwanza cha Kind of Blue. Besi inauliza, bendi inaitikia kwa kodi mbili, kama kiongozi na waitikiaji wake katika wimbo wa mavuno. Chini yake pana skeli mbili tu, yaani ngazi mbili za noti: vifungu 16 katika ile ya kwanza, nane katika ya pili ambayo ni nusu hatua juu, kisha nane vya kurudi. Mtu asiyesoma noti hata moja anaweza kuhesabu mzunguko huo kwa vidole, na akishaweza kuhesabu, anaweza kumfuata Davis, kisha Coltrane, kisha Cannonball Adderley, akasikia wanaume watatu wakipita njia moja kwa miguu tofauti.

Mtunzi na mpigaji

Katika opera na katika sehemu kubwa ya muziki wa usasa, mtunzi ameandika kila kitu, na mpigaji anaheshimika kwa jinsi anavyotekeleza. Zamani waimbaji wa opera walijiongezea mapambo mengi. Kadiri karne ya 19 ilivyosonga, Verdi na wenzake waliwabana. Watunzi wa usasa waliwabana zaidi, wakiandika juu ya kila noti ipigwe kwa nguvu gani na kwa ncha ipi ya upinde, ingawa baadaye John Cage na wengine waligeuka upande wa pili na kuachia bahati iamue.

Katika jazi, mpigaji ndiye mtunzi kwa kiasi kikubwa. West End Blues iliandikwa na King Oliver, lakini dunia inaikumbuka kwa sababu ya Armstrong, aliyeirekodi Chicago tarehe 28 Juni 1928. Tarumbeta inaingia peke yake kwa noti nne zilizosimama imara kama ngazi za mawe, inapanda, kisha inaporomoka kwa wepesi wa kutisha. Karibu na mwisho anaishika noti moja ya juu kwa vifungu karibu vinne bila kutetereka, huku bendi ikipita chini yake. Armstrong alieleza mwenyewe kwamba alipokuwa kijana alimiliki santuri za waimbaji wa opera, akiwamo Enrico Caruso, na New Orleans ilikuwa na jumba la opera ya Kifaransa lililodumu hadi lilipoungua mwaka 1919. Ukijua hayo, ule mwanzo wa tarumbeta unasikika kama aria iliyopata mwili mwingine.

Anayetaka kupiga ala mwenyewe, si kusikiliza tu, azingatie kigezo hiki. Mpiga gitaa au kinanda wa kanisani atapata katika jazi mambo ya kuyafanyia kazi jioni hiyo hiyo. Mwanakwaya, hasa aliyezoea kuimba sauti nne, ataiona opera kuwa jirani yake wa karibu.

Rekodi, ukumbi na vifaa

Rekodi za jazi ya awali na za waimbaji wa opera wa zamani hustahimili spika ndogo ya simu, ingawa besi itapotea. Muziki wa usasa haustahimili: Debussy ana noti za sauti ndogo mno ambazo feni ya dari inazimeza, na dakika moja baadaye Stravinsky anakurusha kitini. Hedifoni nzuri na chumba kimya ni lazima.

Kwa maonyesho ya moja kwa moja, opera haiko karibu na wengi wetu, lakini wasomaji walioko Oman wana jumba la opera la Muscat, lililofunguliwa Oktoba 2011 kwa Turandot ya Puccini, na walioko Ulaya au Amerika ya Kaskazini wana kumbi nyingi zenye viti vya bei nafuu kwa wanafunzi. Jazi ndiyo inayopatikana kirahisi zaidi katika miji ya Afrika Mashariki, hotelini na kwenye matamasha. Kazi za usasa mara nyingi zitabaki kuwa za kwenye rekodi.

Mambo mazito ya kujua mapema

Hakuna upande ulio safi. Aida ya Verdi, iliyochezwa mara ya kwanza Cairo tarehe 24 Desemba 1871, na Madama Butterfly ya Puccini ya 1904 zinawatazama Waafrika na Wajapani kwa jicho la Ulaya ya wakati huo, na Wagner aliandika hadharani maneno ya chuki dhidi ya Wayahudi. Usasa mara kwa mara ulijifungia kwa wachache na kuwadharau waliobaki nje. Jazi ilikua ndani ya ubaguzi: katika Cotton Club, klabu ya usiku ya Harlem, New York, ambako Ellington alianza kupiga mwaka 1927, wapigaji walikuwa weusi na wateja walikuwa weupe. Nao Wanazi, katika maonyesho yao ya Düsseldorf ya mwaka 1938, waliuweka usasa na jazi katika kapu moja na kuviita muziki uliooza.

Kila upande unamfaa nani

Opera inamfaa mtu anayeingia kwenye sanaa kwa mlango wa watu na hatima zao: mpenzi wa tamthilia, msomaji wa riwaya, mwanakwaya, na yeyote ambaye sauti ya binadamu humgusa kuliko ala. Barazani kwetu yupo mzee aliyepiga fidla katika kikundi cha taarab kwa miaka mingi. Nilimwekea utangulizi wa La traviata, ule unaoanza na fidla zilizogawanywa makundi madogo na kupigwa juu sana kwa sauti ndogo mno, naye akauliza kwa upole kama mgonjwa ni mwanamke. Hakuwa ameambiwa neno. Violetta, mwanamke mkuu wa opera hiyo, anakufa kwa kifua kikuu mwishoni, na fidla zile zile hurudi kitandani pake. Haitamfaa sana asiyevumilia kukaa na hadithi moja jioni nzima.

Usasa unamfaa mdadisi mwenye subira, anayefurahia kurudia kitu mara tano ili akione, mwanafunzi wa uchoraji au ushairi huru, na mpiga ngoma. Unaweza kumchosha anayesikiliza muziki ili atulie baada ya kazi, isipokuwa Debussy.

Jazi inamfaa mpigaji, mtu wa mazungumzo, na anayependa kusikia watu wakifikiri kwa sauti mbele yake. Anayependa kujua mapema kila kitu kitaishia wapi, au anayetaka lahani ileile irudi bila kubadilika, atahitaji muda kuizoea.

Mwongozo kwa hali yako

Kama una nusu saa kwa siku na simu tu, anza na jazi ya miaka ya 1920: West End Blues mara tatu mfululizo, mara ya kwanza ukifuata tarumbeta, ya pili piano ya Earl Hines, ya tatu klarineti na sauti ya Armstrong mwenyewe akiimba, vinavyopokezana. Wiki ya pili nenda Kind of Blue.

Kama una jioni moja huru kwa wiki na mtu wa kutazama naye, chukua Rigoletto au La bohème ya Puccini, ya mwaka 1896, yenye tafsiri kwenye skrini. Someni hadithi kwanza, simameni baada ya kila sehemu, zungumzeni. Carmen ya Bizet inafaa pia, hasa kwa mpenzi wa rumba, kwa kuwa wimbo wa kujitambulisha wa Carmen umejengwa juu ya mwendo wa habanera uliotoka Kuba. Wagner mwache hadi mwaka wa pili, isipokuwa kama wewe ni mtu wa tendi ndefu.

Kama sikio lako limekulia kwenye ngoma, usiogopeshwe na sifa mbaya ya usasa. Sikiliza nusu ya kwanza ya The Rite of Spring kwa sauti kubwa, kisha Bartók, ambaye tangu mwaka 1906 alizunguka vijijini Hungaria na mashine ya kurekodia akikusanya nyimbo za wakulima, na aliyezigeuza nyimbo hizo kuwa mifupa ya muziki wake. Schoenberg utamkuta baadaye ukiwa umeshajenga imani.

Kama unatafuta mahali ambapo Kiswahili chenyewe kimeingia katika historia hii, mlango ni jazi. Mwaka 1960 mpiga piano Randy Weston alirekodi New York sahani aliyoiita Uhuru Afrika, na mwanzoni mwake shairi la Langston Hughes linasomwa kwa Kiswahili na Tuntemeke Sanga kutoka Tanganyika. Miaka kumi baadaye Herbie Hancock na wenzake watano walijipa majina ya Kiswahili: yeye Mwandishi, wengine Mchezaji, Jabali, Mganga, Mwile na Pepo. Sahani yao ya 1971 inaitwa Mwandishi, na kipande chake cha kwanza kinakwenda kwa mapigo 15, kwa hiyo kiache hadi uwe umezoea mapigo manne.

Kama umegawanyika kati ya opera na jazi, kuna opera ya Porgy and Bess ya George Gershwin ya mwaka 1935, ambayo Miles Davis na Gil Evans waliirekodi upya kwa ala tupu mwaka 1958. Sikiliza aria moja katika matoleo yote mawili. Kama umegawanyika kati ya jazi na usasa, mtafute Stravinsky alipoiandikia bendi ya Woody Herman mwaka 1945.

Na kama bado hujui, tenga dakika tatu kwa kipande cha mwisho cha mkusanyo wa piano ambao Debussy aliutoa mwaka 1908 na kumtunuku binti yake mdogo: Golliwog's Cakewalk, kutoka Children's Corner. Jina lake limetokana na mwanasesere aliyebuniwa kwa kuwadhihaki watu weusi, na ni vyema kulijua hilo kabla. Mwendo wake ni wa dansi ya Wamarekani weusi iliyoitangulia jazi. Kodi zake ni za mtunzi wa usasa. Na katikati, Debussy anasimama ghafla na kuiingiza ile lahani ya kwanza ya Tristan und Isolde, kisha anaikatiza kwa noti fupi zinazocheka. Sikiliza mara mbili. Ikiwa ulichotamani kiendelee ni ile lahani iliyokatizwa, nenda kwenye opera. Ikiwa mguu wako uligonga sakafu, nenda kwenye jazi. Na ikiwa ulichojiuliza ni kwa nini aliikatiza pale, endelea na Debussy huyo huyo, ukianza na ile kazi ya 1894 ambayo filimbi inaifungua peke yake.